Tamasha la taa la Amsterdam kwa boti: saa ya kupanda, kiti cha kukaa na ukungu wa kioo

Amsterdam Light Festival lilianza majira ya baridi ya 2012 hadi 2013. Hufunguliwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kufungwa baada ya katikati ya Januari. Kazi za wasanii, karibu 20 au kidogo zaidi, hutundikwa juu ya mifereji, hufungwa kwenye madaraja, huelea majini au kusimamishwa ukingoni, na nyingi hutengenezwa zikimfikiria mtu anayepita kwa maji. Ukiwa barabarani utaona nyingi, tena bure. Ukiwa botini unaona kazi yenyewe na kivuli chake majini kwa pamoja, na hapo ndipo nusu ya uzuri wake ilipo.

Katika tamasha la kwanza, msanii Janet Echelman alitandaza wavu mkubwa wa nyuzi juu ya mto Amstel, ukabadilika rangi usiku. Mwaka 2017 msanii Ai Weiwei alivuta mstari mwekundu wa taa wa kilomita 6.5 kando ya mifereji, kuzungumzia mipaka na wakimbizi. Aliyesimama darajani aliona kipande cha mstari ule. Aliyekuwa botini alisafiri nao, akageuka nao kila kona, akaelewa mpaka usiokwisha unamaanisha nini. Kwa hiyo tunashauri boti kwanza, miguu baadaye.

Karibu kila kinachoharibu safari hii kina chanzo kimoja: mwanga unaotoka mahali pengine. Anga lisilokolea giza, taa za ndani ya boti, simu ya jirani, hata koti jeupe ulilovaa mwenyewe, vyote vinaiba kile ulichokifuata. Ukipanga safari kwa kulinda giza, mengine yatajipanga.

Anza na saa. Kwa kawaida taa huwashwa saa 11 jioni na kuzimwa saa 5 usiku. Katikati ya Desemba jua la Amsterdam huzama karibu saa 10 na nusu jioni, lakini anga hubaki na ubuluu hadi saa 11 na dakika 10 hivi, na giza la kweli hukolea karibu saa 12 jioni. Katikati ya Januari jua huzama karibu saa 11 kasoro dakika 5, hivyo boti ya saa 11 huondoka mchana haujaisha na kazi za mwanzo huonekana zimefifia. Anayetaka picha zenye anga la buluu nyuma ya nyumba za karne ya 17 apande boti ya saa 11 mwezi Desemba. Anayetaka kuziona taa zenyewe apande kuanzia saa 1 usiku. Boti za saa 2 na nusu au saa 3 usiku huwa na watu wachache zaidi, na hizo ndizo tunazozipenda, ila usimpeleke mtoto mdogo saa hizo.

Kwa Waislamu, saa hizi zina faida. Magharibi huingia mapema sana mwezi Desemba, kabla ya boti za kwanza kuondoka. Boti ya saa 11 inakupa nafasi ya kuswali kabla ya kwenda gatini, na ukishuka bado una muda mrefu wa Isha.

Soma tiketi kwa utulivu. Huandikwa kwa saa 24: 17:00 ni saa 11 jioni, 19:30 ni saa 1 na nusu usiku, 21:00 ni saa 3 usiku. Ukimnunulia shangazi au mgeni aliyetoka nyumbani, mwandikie saa zote mbili kwenye ujumbe, ya Kizungu na yetu, maana "saa saba" na "19:00" zimeshawaacha watu gatini. Kama saa ya mkononi haijirekebishi yenyewe, kumbuka kuwa majira ya baridi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko mbele ya Amsterdam kwa saa 2, na Goma, Kigali na Bujumbura kwa saa 1.

Siku bora ni Jumatatu hadi Alhamisi ya Januari, baada ya tarehe 6 hivi. Kazi ni zilezile, watu ni wachache. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya mji hufurika watu, na boti hupanga foleni mbele ya kazi maarufu. Unaishia kutazama taa za nyuma za boti iliyotangulia. Uholanzi tarehe 25 na 26 Desemba zote ni sikukuu. Tarehe 31 usafiri wa umma husimama mapema jioni, kwa hiyo usipange safari hii usiku huo kama unalala mbali.

Anayetoka Afrika Mashariki au Congo na pasipoti ya huko anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya afya lazima ifikie euro 30,000. Miadi ya kuelekea Desemba hujaa haraka, hivyo Septemba si mapema. Tiketi ya boti nunua viza ikishapatikana.

Unaponunua, hakikisha tiketi inataja tamasha lenyewe. Kampuni zilezile huuza pia safari ya kawaida ya usiku, na hiyo inaweza kupita mifereji mingine kabisa. Safari ya tamasha huchukua dakika 75 hivi. Kisha angalia jina la gati. Kampuni moja inaweza kuwa na magati kadhaa: Prins Hendrikkade mbele ya kituo kikuu cha treni, na Stadhouderskade iliyo karibu na jumba la makumbusho la Rijksmuseum. Kosa linalowapotezea watu wengi tiketi ni kwenda gati la kampuni sahihi lakini mtaa usio sahihi, na kutoka moja hadi jingine kwa tramu hutawahi. Fika dakika 20 kabla, kwa sababu kiti hupatikana kwa nafasi yako kwenye foleni.

Aina ya boti ni uamuzi mkubwa kuliko kampuni. Zipo boti ndefu zenye paa la kioo, zinazobeba makumi ya watu, zenye kipasha joto na mara nyingi choo. Zipo boti ndogo za wazi, mara nyingi za watu wasiozidi 12, ambazo hugawa mablanketi na hazina choo. Ya wazi ndiyo bora kwa macho: hakuna kioo, hakuna ukungu, na kazi iliyotundikwa juu yako unaiona nzima. Lakini upepo wa Januari ukiwa na mvua, dakika 75 ni ndefu mno kwa mzee na mtoto. Ushauri wetu ni huu: usiku mkavu usio na upepo, chukua ya wazi, hali nyingine yoyote, ya kioo. Wazee wangu na wenye magoti mabovu waulizie ngazi kabla ya kulipa, maana boti nyingi huingiwa kwa kushuka vidato vyembamba vinavyolowa. Anayetumia kiti cha magurudumu aombe mapema boti yenye lifti.

Ukiingia kwenye boti ya kioo, kaa dirishani. Aliye upande wa njia ya katikati hutazama tamasha kupitia kichwa cha jirani. Epuka meza zilizo karibu na kaunta ya vinywaji, kwa kuwa taa yake hubaki imewaka hata nyingine zikizimwa. Karibu na mlango kuna baridi, lakini hewa inapita na kioo hakifungi ukungu haraka. Aliyevaa vizuri akae hapo. Upande wa kulia au kushoto si hoja, kazi ziko pande zote. Kama nyuma kuna sehemu ya wazi, muulize nahodha kama inaruhusiwa kusimama, kisha tii anachosema. Madaraja ya Amsterdam ni ya chini, na mkono au kichwa kilichotokeza hakipati nafasi ya pili.

Ukungu wa kioo ndio unaolalamikiwa kuliko yote. Pumzi za watu wengi hujaza unyevu ndani, kioo kina baridi ya nje, na unyevu ukigusa baridi hiyo hugeuka matone. Usifute kwa kiganja. Mafuta ya ngozi hubaki kiooni na kila taa hugeuka michirizi. Beba kitambaa kikavu cha pamba. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi hunyonya maji kuliko kitambaa kipya, na ikiwa ya rangi nzito itakufaa pia kwa picha. Dirisha la kuteleza likiwepo, lifungue sentimita 2 au 3 tu, kwa ruhusa ya majirani, na kioo kitakauka chenyewe.

Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na sekunde chache za skrini angavu huanza kulifuta zoezi hilo. Punguza mwanga wa simu hadi chini kabisa kabla boti haijaondoka, na waombe watoto wafanye hivyo. Taa za ndani zikiwa bado zimewaka baada ya kazi ya kwanza, mwombe mhudumu azizime. Mara nyingi amesahau tu, na boti nzima itakushukuru. Vaa nguo ya juu ya rangi ya giza: koti jeupe au skafu inayong'aa huakisiwa kwenye kioo na kuingia kwenye kila picha.

Picha sasa. Boti kwenye mifereji huruhusiwa kwenda kilomita 6 kwa saa, yaani karibu mita 1.7 kila sekunde. Simu ikiwa kwenye hali ya usiku huacha lenzi wazi kwa sekunde 1 hadi 3, na ndani ya muda huo umeshasogea mita kadhaa. Ndiyo maana picha hutoka uji. Zima hali ya usiku, gusa sehemu yenye mwanga kwenye skrini, kisha shusha mwanga wa picha hadi rangi zirudi. Video mara nyingi hutoka vizuri kuliko picha. Mwenye kamera afungue lenzi hadi f/1.8 au f/2.8, aweke ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) kati ya 1600 na 3200 na shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde. Namba hizo mbili za shata zina sababu: umeme wa Ulaya ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ikienda kasi zaidi, picha inaweza kuwa na mistari myeusi. Gandamiza lenzi kwenye kioo na uizungushie kanga pande zote ili mwanga wa ndani usirudi. Fleshi usiwashe kabisa. Itapiga picha kioo.

Mavazi yaanzie miguuni, kwa sababu sakafu ya boti iko usawa wa maji. Soksi 1 nzito ya sufu ndani ya kiatu chenye nafasi ni bora kuliko soksi 2 zilizobana, maana kubana huzuia damu na mguu huganda zaidi. Fulana ya kubana mwili, sweta, koti lisilopitisha upepo, kofia inayofunika masikio, glavu. Ndani ya boti yenye joto fungua koti mapema. Ukitoka jasho, baridi ya gatini itakuingia mifupani. Simu ihifadhi mfuko wa ndani, kwani betri hushuka haraka kwenye baridi.

Kinywaji kinachouzwa sana ni mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu. Asiyetumia pombe aombe chokoleti ya moto, na aulize kama haijatiwa kileo, maana wengine hukitia. Na anayeogopa kichefuchefu kwa kumbukumbu za boti ya Unguja au mkondo wa Pemba asiwe na wasiwasi: mifereji haina mawimbi.

Njia hubadilika kila mwaka, lakini sehemu ya Amstel ikipitiwa, tazama Magere Brug, daraja jeupe lililovikwa taa zaidi ya 1,000, ambalo si kazi ya tamasha na huwaka mwaka mzima. Maelezo ya kurekodiwa hutolewa kwa lugha kadhaa, Kiswahili usikitegemee. Soma habari za kazi nyumbani kwenye tovuti ya tamasha, chagua 4 au 5 zinazokugusa, kisha botini weka visikizi pembeni na utazame.

Ukipanda boti ya saa 1 usiku, utashuka karibu saa 2 na robo, na taa zina zaidi ya saa 2 kabla ya kuzimwa. Rudi kwa miguu kwenye kazi 2 ulizozipenda na usimame darajani kadiri unavyotaka. Boti haikukupa muda huo. Kwenye tramu gusisha kadi ya benki unapopanda na tena unaposhuka. Usipogusisha wakati wa kushuka, mashine itakukata zaidi ya nauli ya safari yako.