Kabla ya PCR, angalieni katikati ya vidole

Wadogo zangu mnaoanza kwenye chumba cha PCR, kile kipimo kinachozidisha vinasaba vya mdudu ili vionekane, kosa langu la kwanza hapa Dodoma lilikuwa hili. Aliletwa mtoto kutoka upande wa Chamwino. Nyumba nzima walikuwa wakijikuna, hasa usiku. Nikapima upele, ule unaoletwa na mdudu anayechimba ngozi; majibu yakatoka hasi, nikasaini, nikaenda kunywa chai.

Mgonjwa wa upele wa kawaida hubeba wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili mzima, na jike hafiki hata nusu milimita. Mimi nilikwangua kidonda cha mgongoni kwa sababu ndicho kilichokuwa kikubwa. Pale mtoto alijikuna tu, mdudu hakuwepo. Mashine ilipima nilichoipa.

Tafuteni kijistari chembamba kilichopinda: katikati ya vidole, kwenye kiwiko cha mkono, kiunoni, na kwa wanaume msione haya kuangalia sehemu za siri. Msogezeni mgonjwa dirishani; jua la huku halina mchezo, linaonyesha kuliko taa. Kwangueni mwisho wa kijistari, maana jike hukaa mwishoni mwa shimo lake. Anzeni na hadubini. Mkiona mdudu, yai au hata kinyesi chake, kazi imeisha, vitendanishi, zile kemikali za kupimia, vitunzeni. Kinachokwenda PCR kiwekeni kwenye spiriti. Fomalini huharibu vinasaba. Yule mtoto tulimkwangua tena, safari hii vidoleni, na yai likaonekana kabla mashine haijawashwa.

La pili lilinipotezea juma zima. Kichupa cha maji matupu, kile tunachopima kujihakikishia, kilitoka chanya. Maji nayo yana upele? Kumbe nilirudi chumba cha kuchanganyia na koti lilelile nililovaa nikifungua vichupa vya vinasaba vilivyokwisha kuzidishwa. Mwendo ni wa upande mmoja: kuchanganya, kutoa vinasaba, kuzidisha. Msirudi nyuma na koti, glavu wala kalamu. Meza futeni kwa klorini; spiriti huua vijidudu lakini vinasaba huviacha palepale.

Umeme ukikatika, msifungue friza “kuchungulia tu”.

Na kwenye fomu andikeni mgonjwa alipaka dawa lini. Mdudu aliyekufa bado ana vinasaba, na muwasho huweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya tiba. Daktari mmoja alinipigia kulalamika kwamba dawa imegoma; chanya yangu ilikuwa ya siku ya tano tangu mgonjwa apake. Tukakubaliana asubiri. Mwezi haukuisha, mgonjwa akaacha kujikuna.