Baba si mvivu, kaka zako wanamwonea

SWALI: Baba yangu ana miaka 70, ni fundi cherehani hapa Tanga. Zamani alikata nguo huku akipiga soga na wateja. Siku hizi akisemeshwa tu vipimo vinamtoka. Juzi kaharibu kitambaa cha mtu. Sare za shule, kazi yenye pesa nzuri, kaziacha wiki ya tatu sasa, lakini gauni la mjukuu alilimaliza siku moja. Kaka zangu wanasema ni uvivu. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, mvivu angeliacha na gauni pia.

Kabla ya kuanza kazi yoyote, ubongo hupima kama faida inastahili jasho. Upimaji huo hutegemea sana dopamini, kemikali ya ubongo inayotia hamu ya kutenda, na vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, vinakadiriwa kupungua kati ya asilimia 5 na 10 kila miaka 10 tangu ujanani. Pesa ya mwisho wa mwezi inakuwa mbali, kazi inakuwa nzito. Ila cha mtu ampendaye hakishuki bei. Wazee wengi hupeleka huko nguvu walizobakiza, na sioni kosa lao.

Kuhusu kukata: sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayoshikilia "kiuno 32, bado mikono" huku ikizuia maneno ya mteja, na ni miongoni mwa zinazosinyaa mapema. Kijana hukaa na mpango kichwani. Mzee hukumbuka akiona kitu cha kumkumbusha. Akikatizwa na mezani hakuna alama, basi tena. Mkono wenyewe haujasahau kazi.

Kwa hiyo wekeni kumbukumbu mezani. Karatasi ya vipimo ibanwe kwa pini kwenye kitambaa chenyewe, si daftarini. Kitambaa kimoja tu mezani. Akiitwa, apige chaki alipofikia ndipo aitikie. Akate asubuhi, saa ambazo wazee wengi wana akili nyepesi. Mchana ashone na soga zake. Ajipangie kwa maneno haya haya: "Nikimaliza chai, nakata sketi tano." Mteja azilipie hizo tano zikiisha, asisubiri mzigo mzima. Na kaka zako wakome kumwita mzee aliyechoka. Kukumbushwa uzee peke yake kunaweza kushusha kumbukumbu.

Hospitali msichelewe kama hali ilikuja ghafla, kama amewahi kupotea njia ya nyumbani, kama mkono unatetemeka akiwa ametulia na mwandiko umekuwa mdogo, au siku hata mjukuu hamshughulishi tena. Waulizeni kuhusu sonona, tezi ya shingo na vitamini B12, hasa kama anatumia metformin ya kisukari kwa miaka. Apimwe macho na masikio. Bebeni dawa zote anazomeza, hata za dukani: Piriton ya mafua, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa dawa, huzubaisha wazee vibaya.