Kabla hujatangaza umempindua Einstein, angalia pembe

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, na mimi nataka kupima sheria za msingi za fizikia, ila Bongo hatuna mashine." Nilicheka. Hayo maneno nimewahi kuyasema mimi.

Mdogo wangu, miale ya kosmiki, yaani chembe ndogo zenye kasi kubwa kutoka anga za mbali, inatuangukia bure, mingine ina nishati ambayo hakuna mtambo wa binadamu unaoifikia. Kule Malargüe, Argentina, kituo cha Pierre Auger, kinachonasa miale hiyo, kimetandaza matangi zaidi ya 1,600, kila moja lina tani 12 za maji, kwenye kilomita za mraba 3,000. Mwaka 2021 walifungua asilimia 10 ya data zao kwa yeyote. Mimi nilizishusha kwa bando la usiku.

Kilichonivuta ni kikomo cha nishati ya miale hiyo walichokitabiri wanafizikia Greisen, Zatsepin na Kuzmin mwaka 1966. Protoni (moja ya chembe hizo) ikivuka elektronivolti, kipimo cha nishati, 5 ikifuatwa na sufuri 19, inagongana na fotoni, yaani chembe za mwanga, masalia za Mlipuko Mkuu na kuishiwa nguvu njiani. Mwaka 2008 Auger waliona miale inapungua ghafla karibu na hapohapo. Lakini ulinganifu wa Lorentz, nguzo ya nadharia ya Einstein, ukiwa na ufa, yaani sheria zisipofanana kwa kila mwendo na kila mwelekeo, mgongano huo unaweza usitokee, na kikomo kikahama. Nikataka kuona kama kinahama kwa mwelekeo.

Kikahama! Upande mmoja wa anga ulileta miale yenye nguvu kuliko kwingine. Sikulala. Nikaandika kurasa 14, nikamtumia mwalimu wangu na, aibu hii, grupu zima la WhatsApp la darasa.

Mwalimu akajibu mstari mmoja: "Ukisimama kwenye matangi, huo upande uko wapi?"

Utosini. Juu kabisa. Mwale ukigonga hewa huzaa mvua ya chembe, na mvua inayokuja mshazari inapita hewa nyingi zaidi, inafika chini imechoka, nawe unaidhani ilizaliwa dhaifu. Auger wenyewe hugeuza kila kipimo kiwe kana kwamba mvua ilikuja kwa nyuzi 38 kutoka utosini. Hatua hiyo niliiruka, niliiona ya kitoto.

Basi vijana, kagueni pembe. Mkimaliza, kagueni tena. Tunapenda sifa kuliko kazi, ndiyo maana tunaaibika. Washikaji mpaka leo wananiita Einstein wa Utosini, na wala sichekagi.

Data ziko palepale, kijana. Ukipata kitu niandikie, ila swali langu la kwanza unalijua.