Chipu za ARM zilivyotoka nje ya Acorn

Je, prosesa za ARM ziliishia kwenye Archimedes, kompyuta za kampuni ya Acorn ya Uingereza iliyozibuni? Hapana, hazikuishia kwenye kompyuta za Acorn wenyewe. Acorn hawakuwa na kiwanda cha chipu: walizisanifu Cambridge, zikatengenezwa na VLSI Technology ya Marekani tangu ile ya kwanza ya Aprili 1985. VLSI walikuwa na leseni ya kuziuzia kampuni nyingine pia, na huo ndio mlango wa kwanza. Fungua Archimedes ya mwanzo uangalie prosesa, utakuta namba ya VLSI, VL86C010. Ila kampuni ya ARM yenyewe ni jambo la baadaye, Novemba 1990, Acorn wakiwa na Apple na VLSI, kwa sababu Apple waliihitaji prosesa hiyo kwa ajili ya Newton, kompyuta yao ndogo ya mkononi.