Anajua jina langu, je, kweli ni wa benki?

Barua nyingi za safari hii zinahusu simu kutoka kwa watu tusiowajua. Nimechagua tatu. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: kabla ya kuandika nilifanya kazi miaka mingi katika kituo cha huduma kwa wateja, kwanza nikipokea simu, baadaye nikiwa msimamizi wa kusikiliza rekodi za wahudumu.

*Dada, shikamoo. Nilipigiwa simu na mwanaume mwenye sauti ya upole. Alitaja majina yangu matatu, tarehe yangu ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za akaunti yangu. Akasema yuko kitengo cha usalama cha benki, kuna mtu anahamisha pesa zangu muda huohuo, na nimsomee tarakimu zilizoingia kwa meseji ili azuie muamala. Niliogopa, nikakata. Baadaye niliangalia namba aliyopigia: ni ya benki kabisa. Je, nimewakatia simu watu waliotaka kunisaidia?*

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya sawasawa. Hata angekuwa mfanyakazi halali wa benki, hujamkosea mtu.

Tuanze na namba, maana ndiyo iliyokutia shaka. Namba unayoiona kwenye kioo cha simu hutumwa na mtambo wa anayepiga. Anayepiga kwa njia ya intaneti anaweza kuwa na programu inayomruhusu kujaza namba yoyote anayotaka, ikiwemo ya benki yako. Marekani iliyabana makampuni makubwa ya simu kuanzia tarehe 30 Juni 2021 yawe yanathibitisha kidijitali kwamba namba inayoonekana ni ya anayepiga kweli, na bado simu za uongo hazijaisha huko. Kwa hiyo kulinganisha namba hakuthibitishi chochote.

Halafu hayo aliyoyajua. Majina na tarehe ya kuzaliwa umeyaandika kwenye fomu nyingi kuliko unavyokumbuka, na tarakimu za mwisho za akaunti huchapishwa hata kwenye risiti. Mtu akikutajia vitu hivyo, amekuonyesha kwamba taarifa zako zimefika kwake. Hajakuonyesha yeye ni nani. Naomba ulishike hilo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoangukia: tunasikia majina yetu yote matatu, moyo unalegea.

Sasa tazama ile meseji. Kwa nini iliingia wakati ule ule mnaongea? Kwa sababu, kwa vyovyote vile, yeye au mwenzake alikuwa mbele ya ukurasa wa kuingilia akaunti yako. Tayari alikuwa amejaza alichokuwa nacho, mfumo ukamdai tarakimu za uthibitisho, zikaja kwako kama inavyotakiwa. Alibakiwa na kisanduku kimoja kitupu, na mwenye cha kukijaza ni wewe. Ndiyo maana alikuharakisha: tarakimu zile hufa baada ya dakika chache. Isome tena meseji yenyewe, huenda imeandika wazi kwamba usimpe mtu yeyote. "Mtu yeyote" ni pamoja na mfanyakazi wa benki.

Ipigie benki leo kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, ueleze saa uliyopigiwa na alichotaka. Kama unatumia simu ya mezani, piga kwa simu nyingine, kwa sababu kwenye baadhi ya mitandao aliyekupigia anaweza kubaki hewani hata baada ya wewe kuweka mkono wa simu. Badilisha namba ya siri. Kisha waulize watu wa mtandao wako wa simu kama wanaweza kuweka ulinzi wa ziada ili asije mtu akaomba laini mpya kwa jina lako; laini ikihamishwa, meseji zote za uthibitisho zinamfuata yeye.

Akipiga tena, mwambie: "Nitajie jina lako na kitengo chako, napiga mwenyewe benki." Katika rekodi nilizokuwa nasikiliza, mhudumu halali aliyeambiwa hivyo alijibu "sawa kabisa" na kuaga, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Tapeli hawezi kukuacha ukate. Atakuambia pesa zinaondoka sasa hivi, atakuunganisha na "bosi", au atageuka mkali. Na akikuomba uweke programu ya kumwezesha kuona simu yako kutoka aliko, kata bila kuaga.

*Mwanangu, mimi ni mzee mstaafu. Kila siku napigiwa kuhusu bima na mikopo ambayo sikuomba. Simu nyingine nikipokea, kimya, hakuna anayeongea, halafu inakatika. Namba yangu wameipata wapi, na nifanye nini waache?*

Shikamoo, mzee wangu. Kimya hicho mara nyingi hakitoki kwa mtu. Vituo vya mauzo hutumia mtambo unaopiga namba nyingi kwa mpigo, kuliko wahudumu waliopo, kwa kukisia kwamba wengi hawatapokea. Mkipokea wengi kuliko ilivyokisiwa, wa ziada hakuna wa kuwasikiliza, basi simu inakatika. Ndiyo maana hata zile zenye mtu huanza na ukimya wa sekunde moja au mbili baada ya wewe kusema "haloo": mtambo unamtafuta mhudumu aliye huru. Ukisikia ukimya huo, kata. Na usiipigie namba ngeni iliyolia mara moja ikakatika, hasa ya nje ya nchi. Kuna wanaokula pesa kwa kukufanya upige wewe namba ya gharama kubwa.

Namba yako huenda umeitoa mwenyewe bila kuuzwa na mwizi. Bahati nasibu, kadi ya pointi, fomu ya "pata makadirio ya bima bure": chini kabisa, kwa maandishi madogo, panaandikwa kwamba taarifa zako zitapewa "washirika wetu". Washirika hao wanaweza kuwa makampuni mengi, na kila mmoja ana washirika wake. Mimi huwa nabadilisha kidogo jina ninapojaza fomu, kampuni moja naipa herufi ya kati hii, nyingine ile. Mtu akinipigia na kulitaja jina kwa herufi hiyo, najua fomu iliyovuja.

Kuhusu kuwazuia, sheria iko upande wako zaidi ya watu wanavyodhani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika Mei 2018. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Chini ya kanuni ya Ulaya, ukisema hutaki taarifa zako zitumike kukutangazia biashara, wanapaswa kuacha, na ukiuliza wamezipata wapi wanapaswa kukujibu, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo usibishane na muuzaji kuhusu bima. Uliza jina kamili la kampuni, uliza namba yako imetoka wapi, sema unapinga matumizi hayo, kisha iandikie kampuni maneno hayo hayo. Wakiendelea, peleka nakala kwenye mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi yako. Wale wasiotaka hata kukutajia jina la kampuni, hao hawana nia ya kufuata sheria. Zuia namba na uwaache.

*Dada, habari za kazi. Mimi ni mhudumu katika kituo cha simu. Msimamizi hutuletea faili la Excel lenye majina, namba na kiasi cha mikopo ya watu, hataki kusema limetoka wapi. Pia mwenzangu huwa anapiga picha skrini kwa simu yake. Nikisema nitafukuzwa. Ni kosa langu?*

Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike juu ya mada hii, mdogo wangu. Yule tapeli wa barua ya kwanza alipata wapi tarakimu zile nne? Mara nyingine ni kwa njia kama hiyo ya mwenzako. Mwaka 2015 kampuni ya AT&T ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 25 baada ya wafanyakazi wa vituo vya simu vilivyokuwa Mexico, Colombia na Ufilipino kuchungulia taarifa za wateja wapatao 280,000. Mei 2025 kampuni ya Coinbase, soko la sarafu za kidijitali kama Bitcoin, ilitangaza kwamba wahalifu waliwahonga wahudumu wake walioko nje ya Marekani wanakili taarifa za wateja, kisha wakazitumia kujifanya ni kampuni yenyewe. Wahudumu walikuwa watu kama wewe na mimi, mishahara midogo, wameketi mbele ya skrini yenye maisha ya watu wengine.

Picha ile ya simu si jambo dogo na usiifiche. Kuhusu faili, muulize msimamizi kwa barua pepe, kwa upole: wateja hawa walikubali lini kupigiwa, na nikiulizwa chanzo nijibu nini? Swali hilo ni la kazi, si uchochezi, na jibu lake, au kukosekana kwake, kutakulinda. Kama kampuni ina afisa wa ulinzi wa taarifa, mwandikie yeye. Asipofanya kitu, mamlaka niliyoitaja juu hupokea malalamiko. Uliza kwanza kama jina lako linaweza kufichwa.

Usinakili faili hilo kwenye simu yako ili liwe ushahidi, maana hapo nawe utakuwa umezitoa taarifa za watu nje. Andika kwenye daftari tarehe, saa, jina la faili, nani alilileta na vichwa vya safu zake. Hayo yanatosha kwa mpelelezi kujua pa kutafuta.