Mtuhumiwa ameadhibiwa au ameteswa?

Swali: Ninatafsiri ripoti ya haki za binadamu. Neno la Kiingereza torture nimeliandika "adhabu kali", lakini mwenzangu ananisahihisha kuwa ni "mateso". Yupi kati yetu yuko sawa?

Jibu: Mwenzako. Tena hili si jambo la kuachia kila mtu achague apendavyo.

Neno hilo la Kiingereza asili yake ni Kilatini, torquere, yaani kusokota au kupinda. Warumi waliita tormentum mtambo wa vita uliorusha mawe kwa nguvu ya kamba zilizosokotwa, na jina hilohilo wakalipa chombo cha kumnyoosha mtu viungo mpaka akiri. Hapo hapakuwa na hukumu bado. Mtu aliumizwa ili aseme.

"Adhabu" tumeipata kwa Waarabu, na kwao ni maumivu yenyewe. Maana hiyo ingali hai tunaposema adhabu ya kaburi. Ila katika Kiswahili cha kila siku, adhabu humfuata mkosaji. Ukiandika "polisi walimwadhibu mtuhumiwa", umeshamtia hatiani kabla ya hakimu! Andika "walimtesa", na msomaji atauliza kwa nini, na kwa amri ya nani. Ndilo swali ambalo ripoti yako inataka liulizwe.

Sheria nazo zimeyatenga maneno haya. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa, kisha inataja mbali kuadhibiwa kinyama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso wa mwaka 1984 nao unasema wazi kuwa maumivu yatokanayo na adhabu halali pekee hayahesabiwi kuwa mateso. Kwa tafsiri yako, sentensi hiyo ya mkataba ingesomeka kwamba adhabu si adhabu.

Tatizo la "mateso" ni upana wake. Jino hutesa, mapenzi hutesa, na vijana wakisema fulani "anatesa" wana maana anang'ara. Kwa hiyo ripoti inapozungumzia kosa lenyewe, mimi hupendelea "utesaji": askari ameshtakiwa kwa utesaji. "Mateso" yabaki kwa yale aliyoyapata mteswa: mateso aliyoyapata mahabusu. Na aliyetenda mwite mtesaji, hata kama alikuwa amevaa sare.