Kumrusha mtoto darasa: kusoma mapema pekee hakutoshi

Dada wa Arua, Uganda, umesema kijana wako anatimiza miaka 6 mwakani, anamaliza nasari, anasoma kama maji, na mwalimu mkuu anataka Februari aingie P2, yaani darasa la pili la msingi, moja kwa moja bila kupita P1. Usikubali wala kukataa kabla hujampima. Na usimpime kwa kusoma kwa sauti.

Mtoto mwenye kumbukumbu kali hughani ukurasa mzima kama kasuku. Mpe hadithi fupi asiyowahi kuiona, asome kimya, funga kitabu, kisha muulize kwa nini mhusika alifanya alichofanya. Hesabu vilevile: mama ana mayai 43, ameuza 29, yamebaki mangapi? Akisema 14, mwambie akuonyeshe kwa vijiti, mafungu ya kumikumi. Anayejua kuazima bila kuelewa makumi na mamoja atakwama kwenye kugawanya huko mbele, na hapo watu watasema akili imemwisha.

Halafu omba shuleni mitihani ya muhula wa tatu ya P1, yaani darasa analorushwa. Wengi hukosea hapa. Mtoto amepata 98 nasari, wanamrusha kwa alama hizo, wakati zinaonyesha tu kwamba nasari ameimaliza. Mgawie karatasi kwa asubuhi tatu, asome maagizo mwenyewe, wewe kaa mbali. Chini ya 85 mimi nisingemrusha. Akizidi hapo, maswali aliyokosa ndiyo mapengo. Yafundishe likizo ya Desemba, moja moja.

Lugha ndiyo inayosahaulika zaidi. Shule nyingi za serikali huko kwenu hufundisha P1 hadi P3 kwa Lugbarati, lugha ya wenyeji wa huko, na Kiingereza huwa somo tu. P4 ni mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza. Nasari ya binafsi imemlea kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda Lugbarati anaizungumza vizuri lakini hawezi kuisoma. Mpime kwa lugha ya shule anayokwenda. Na kama kuna kuruka, kufanyike huku chini. P4 msiiguse kabisa, maana anayeikosa hukuta masomo yote ya P5 kwa Kiingereza akiwa hana daraja la kuvukia.

Mkono nao huchelewa nyuma ya kichwa. Andika mistari sita ukutani kwa chaki, mkalishe hatua tano kutoka hapo, anakili. Akianza kutikisa vidole mstari wa pili, P2 itamchosha kila siku na ataitwa mvivu. Choo, vifungo vya shati, kufungua mkebe wa chakula, kumwambia mwalimu mgeni "sijaelewa" mbele ya watoto sabini: haya nayo yapime.

Sasa hesabu miaka. Akianza P1 na miaka 6, anafanya PLE, mtihani wa kumaliza msingi mwishoni mwa P7, akiwa na 12, anaingia S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, akiwa na 13. Akirushwa mara moja, S1 ni miaka 12. Akirushwa tena, 11. Sekondari nyingi zetu zina bweni, na S1 ina vijana waliokwisha balehe. Kwa hiyo mara moja inatosha. Na kama ana kaka au dada aliye P2 sasa hivi na huenda akarudia, asitiwe darasa moja naye. Yule mkubwa ataumia kila matokeo yakisomwa.

Mkiamua ndiyo, aanze wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza, na mwalimu akubali majaribio ya wiki sita. Mwambieni mtoto mapema kwamba anakwenda kujaribu, ili akirudi P1 asione ameshushwa. Msipoafikiana, omba abaki P1 na kipindi cha hesabu akae na P2, ikiwa ratiba zinalingana.

Na mwenyewe muulize, faraghani, baba yake na mwalimu wakiwa hawapo. Akisema hataki kuacha wenzake, mwacheni hapo.